Upande wa Pili wa Santuri ya Mwalimu Rautenholz

HIFADHI YA SAUTI
Fomu ya kuhamishia sauti kongwe kwenye mashine mpya

Kifaa: santuri moja, nyeusi, ina ufa mdogo ukingoni.
Upande wa kwanza: «Lala, Lene». Wimbo wa kubembelezea mtoto. Mwimbaji: Bibi Mathilde Rautenholz. 1908.
Upande wa pili: «Asubuhi Tukifika». Wimbo wa gwaride. Waimbaji: kwaya ya wanaume. 1914.
Maneno, pande zote mbili: Anselm Rautenholz, mshairi, mji wa Wiesenroda.
Aliyeileta: Bi Gerda Dorn, miaka 89, nyumba ya wazee.
Je, kuna pingamizi la kuhamisha sauti hizi?   Ndiyo ☐   Hapana ☐
Fundi wa sauti: Saumu Kirobo

Irudishwe Ijumaa kabla ya saa sita mchana.


1

Jumatano hiyo, mwaka wa tisini na nane, Saumu Kirobo alikuwa amechoka.

Si uchovu wa kubeba maboksi. Maboksi aliyazoea. Ulikuwa uchovu wa kuwasikiliza watu waliokwisha kufa, saa nane kwa siku, hedifoni masikioni. Alitoka Tanga akiwa na miaka ishirini na sanduku la bati, akaenda Ujerumani ya Mashariki kusomea ufundi wa sauti. Nchi iliyomsomesha ikafutika kwenye ramani yeye akiwa bado ndani yake. Akabaki. Kazi ikabaki. Wafu nao hawakupungua.

Aliitoa santuri kwenye bahasha yake ya karatasi ngumu ili aifute vumbi. Kikaanguka kikaratasi kilichokunjwa mara nne.


2

Kikaratasi:

Kwa yeyote atakayeishika santuri hii baada yetu.
Upande anaoimba mke wangu, uchezeni mpendavyo.
Upande wa pili naomba usisikike tena na mtu yeyote.
Ningeivunja, lakini Mama Dorn amekataa, nami sina haki ya kumlazimisha. Kwa hiyo naomba tu.
Anselm Rautenholz, mwalimu. Februari 1919.


3

Unapaswa kujua jambo moja kuhusu Saumu, msomaji. Maneno mazito ya Kijerumani hakuyaamini mpaka ayageuze kwanza kuwa Kiswahili, kimoyomoyo, ayapime kama mtu apimaye nazi sikioni kusikia kama ina maji. Hicho kikaratasi alikigeuza pale pale, amesimama. Kikawa na maji.

Akaitazama fomu. Kuna pingamizi lolote?

Hakuweka alama. Aliteremka ghorofa ya chini kuomba jalada la Rautenholz.


4

Maisha ya Anselm Rautenholz, kwa kadiri yalivyobaki ndani ya jalada:

Cheti cha kuzaliwa, 1870. Baba: msusi wa vikapu.
Barua ya kuajiriwa ualimu, Wiesenroda.
Kitabu kimoja cha mashairi, kurasa hamsini na mbili, kilichopigwa chapa na mchapishaji wa kalenda za mji.
Picha ya harusi. Mathilde amemzidi urefu. Mwalimu amesimamishwa juu ya ngazi ili walingane, na inaonekana anajua kwamba inaonekana.
Cheti cha kuzaliwa, Lene.
Cheti cha kifo, Lene. Miaka minne. Dondakoo.
Daftari lenye jalada la kijani.


5

Saumu alilifungua daftari Alhamisi asubuhi, chai ikipoa pembeni.

Wiki tatu baada ya mazishi, Mwalimu aliandika ubeti mmoja. Hakuandika kuhusu kifo. Aliandika kuhusu jioni moja walipokuwa wanarudi kutoka kwa babu, Lene mgongoni, usingizi umemchukua. Saumu aliunong'ona kwa Kiswahili, akihesabu mizani kwa vidole, maana hata uchovu una adabu yake:

        Lala sasa, njia ndefu,
        viatu nimekuvua.
        Asubuhi tukifika
        mimi nitakuamsha.

Basi. Mistari minne.

Sauti aliitia Mathilde, akiosha vyombo. Mwalimu ameandika: «Alikuwa hajaimba tangu siku ile. Nilisimama nje ya mlango wa jikoni na kuni mikononi. Niliogopa nikiingia atanyamaza.»


6

Mwaka 1908 Kampuni ya Santuri ya Hellmund ilimtuma mtu na mashine yake kupita miji midogo kukusanya nyimbo. Alikodi chumba katika Hoteli ya Simba. Ukutani kulitungikwa mablanketi. Katikati palikuwa na tarumbeta kubwa la bati, mdomo wake ukimwelekea mwimbaji kama mtu asiyesikia vizuri.

Mathilde aliimba mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne alilia.

Yule fundi alisimamisha mashine. Hakuwa mtu mbaya. Aliondoa sahani ya nta iliyokuwa ikichorwa sauti, akaweka nyingine, akasema:

«Bibi, machozi hayaandikiki kwenye nta. Ni sauti tu inayoingia. Tafadhali, mara moja tu.»

Akaimba mara moja tu. Ndiyo hiyo iliyobaki.

Saumu aliitega sindano upande wa kwanza na kuisikiliza. Mkwaruzo kwanza, kama mchele unapepetwa. Kisha mwanamke. Sauti nene, ya chini, isiyojali kupendeza. Kwenye mstari wa nne kuna kituo kifupi kisichohitajika na wimbo, kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo. Kisha anaendelea.

Akauhamisha wote. Dakika mbili na sekunde kumi na moja.

Akainua sindano.

Upande wa pili hakuugusa.


7

Mathilde alifariki 1911, ini. Daftari lina ukurasa mmoja tu kwa mwaka huo. Umeandikwa:

Nimeicheza santuri yake mpaka sindano imeila. Sasa inatoa upepo.


8

KAMPUNI YA SANTURI YA HELLMUND
Idara ya Nyimbo
21 Agosti 1914

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Rautenholz,
Kutokana na hali ya sasa ya taifa letu, Kampuni inakusudia kuutoa upya wimbo wako kwa mwendo wa gwaride, maneno yakirekebishwa kidogo kulingana na wakati. Kwa heshima ya marehemu mkeo, sauti yake itawekwa upande wa kwanza wa santuri hiyo hiyo. Jina lako litachapishwa kwa herufi kubwa.
Tunaomba jibu lako kwa njia ya haraka.


9

Jibu, kwenye kadi ya posta. Kampuni ilimrudishia baadaye alipoidai:

Sawa.


10

Na chini yake, kwenye daftari, miaka minne na nusu baadaye, kwa wino tofauti:

«Hakuna aliyenilazimisha. Nataka hili lijulikane. Nilitaka kusikia sauti yake tena kwenye santuri isiyochakaa. Na, Mungu anisamehe, nilizitaka zile herufi kubwa.»


11

Mwenye kurekebisha maneno hakutajwa jina. Alikuwa hodari. Hakuvunja nyumba, alihamisha milango tu:

        Haya twende, njia fupi,
        viatu tumevivaa.
        Asubuhi tukifika
        sisi tutawaamsha.

Mstari wa tatu hakuugusa. Haukuwa na haja ya kuguswa.

Saumu alivua miwani, akajisugua macho. Kule kwao Tanga, alipokuwa mdogo, watoto walikuwa wakiimba nyimbo za gwaride za Wajerumani bila kujua maana yake. Waliachiwa nyimbo hizo na babu zao waliokuwa askari wa Mjerumani. Yeye mwenyewe alipata kuziimba, akiruka kamba. Hakupata kujiuliza zile nyimbo zilikuwa nini kabla ya


12

Simu.

«Bi Kirobo? Mimi ni muuguzi, nyumba ya wazee. Bi Gerda Dorn ananiuliza kila saa kuhusu santuri yake.»

«Mwambie inashughulikiwa.»

«Nimemwambia hivyo Jumatatu.» Akashusha sauti. «Dada yangu, mimi si daktari. Lakini kama ni ya kuletwa, usiilete wiki ijayo.»


13

Kilichofuata kilitokea hivi, na Mwalimu amekiandika bila kujitetea.

Septemba ile ya 1914 vijana aliowafundisha kusoma, ambao wengi walikwisha kuwa waokaji mikate, maseremala, makarani wa reli, walikusanyika uwanja wa shule na viatu vipya. Wakamwomba Mwalimu awafundishe wimbo wake. Akawafundisha. Alisimama kwenye ngazi akiwapigia mapigo kwa rula. Emil Dorn, seremala wa miaka kumi na tisa, hakuweza kushika sauti, kwa hiyo alipiga mluzi.

Walikwenda kumi na wanne. Walirudi watatu, na mmoja wa hao watatu hakuwa anasema.

Karibu kila nyumba iliyofiwa ilikuwa na ile santuri.


14

Januari 1919, vita vimekwisha. Mwalimu aliichukua santuri yake mwenyewe ya 1914, akatoka nayo kwenye ngazi za nyuma. Upande wa kwanza, Mathilde, safi, hajakwaruzwa. Upande wa pili, kwaya.

Hakuna namna ya kuvunja upande mmoja.

«Niliishika mpaka mikono ikafa ganzi kwa baridi. Kisha nikaiachia juu ya jiwe.»


15

Baada ya hapo alivaa kofia, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Orodha yake:

Schalk, muokaji. Wamenipa. Baba mtu aliivunja mwenyewe mbele yangu, akanipa mkono.
Mama Ihle. Amenipa bila neno.
Familia ya Brose. Wamenifungia mlango.
Brose, mara ya pili. Wamenipa.
Nyumba ya Trautmann. Mzee amesema nivunje na madirisha yake pia nikitaka, yeye hasikii tena kitu. Ameitupa uani.
Mama Ihle amenifuata barabarani, anaitaka irudi. Nilikuwa nimekwisha kuivunja. Nitamwambia nini?
Lentz. Wamenipa.
Dorn. Amekataa.


16

HALMASHAURI YA MJI WA WIESENRODA
TANGAZO

Imearifiwa kwamba Mwalimu A. Rautenholz anapita katika makazi ya wananchi akidai mali zao kwa lengo la kuziharibu. Ingawa Halmashauri inatambua huzuni iliyompata kila mmoja, mhusika anatakiwa kukoma kuanzia tarehe ya tangazo hili. Wananchi hawalazimiki kumfungulia.


17

Baada ya hapo jalada linanyooka kuelekea mwisho, kama majalada yote. Alistaafishwa 1920. Hakuandika tena shairi. Alifariki 1923, na kwenye cheti, panapoulizwa kazi ya marehemu, karani alianza kuandika «msha», akakata, akaandika «mwalimu».

Saumu alilifunga.


18

Ukumbini, karibu na mashine ya kahawa. Anayeongea ni Bwana Pfeil, mkuu wa idara, akikoroga:

«Pingamizi ni la mwenye haki aliye hai, Saumu. Huyu alikufa kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Kikaratasi si sheria.»

«Najua si sheria.»

«Basi? Hifadhi haihifadhi nusu ya kitu. Nenda kauhamishe upande wa pili, tuweke alama, tufunge boksi.»

«Huyu mtu ameomba, Bwana Pfeil.»

«Wote wanaomba,» alisema Pfeil, na kusema kweli hakusema kwa ubaya. Naye alikuwa amechoka.


19

Ijumaa saa tatu asubuhi Saumu hakwenda ofisini. Alikwenda nyumba ya wazee na kinasa sauti kidogo mkobani, ndani yake dakika mbili na sekunde kumi na moja.

Bi Gerda Dorn alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni. Mdogo kama ndege aliyelowa. Kwa Kijerumani Saumu alimwambia habari za asubuhi. Moyoni alimwambia shikamoo.

«Umeniletea?»

«Nimekuletea upande mmoja, Bibi Gerda.»

«Upi?»

«Wa Mathilde.»

Kikongwe aliegemea mito yake. «Basi umekikuta kikaratasi chake,» alisema. «Mimi nilikuwapo akikiandika. Aliandikia juu ya meza yetu, kwa kalamu yangu ya shule.»


20

Sauti ya Bi Gerda, kama alivyosimulia asubuhi hiyo, akipumzika kila baada ya maneno machache:

Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Nilikuwa na miaka kumi. Theluji ilikuwa kwenye mabega yake, hakujipangusa. Alisema: mwite mama.

Mama alimkaribisha. Akamsikiliza mpaka mwisho. Alikwenda kwenye gramafoni, akaizungusha, akaweka gwaride. Lile gwaride zima. Mwalimu amesimama na kofia mkononi, mimi namwangalia masikio yake yanavyogeuka mekundu. Nilidhani ni baridi.

Lilipokwisha, mama akageuza. Akaimba yule mkewe.

Unajua, yeye alikuwa amekwisha kuivunja ya kwake. Alikuwa hajamsikia tangu hapo. Alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa chini sakafuni kama sisi watoto.

Akasema: Mama Dorn, mimi nilisema sawa. Waliniuliza nikasema sawa.

Mama akamwambia: Sote tulisema sawa, Mwalimu. Mimi nilimpigia Emil pasi shati.

...

Maji. Hapo, kwenye glasi. Asante, mwanangu.

...

Akasema basi nipe niivunje. Mama akasema hapana. Akasema: Emil alitoka na ule mluzi mlangoni hapo. Nikiivunja, ametoka na nini?


21

Saumu alibonyeza kitufe.

Mchele ukapepetwa. Mathilde akaimba. Bi Gerda alisikiliza akiwa amefumba macho, midomo ikitembea bila sauti. Palipofika kile kituo cha mstari wa nne, alishika pumzi, na sauti ilipoendelea naye akaitoa.

«Sasa ule mwingine.»

«Sijauhamisha, Bibi.»

«Kwa sababu ya kikaratasi.»

«Ndiyo.»

Kikongwe hakukasirika. Alikuwa amevuka umri wa kukasirika. Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia:

«Kila Jumapili baada ya kanisa mama alicheza pande zote mbili. Huu, kisha ule. Mpaka gramafoni ilipokufa mwaka hamsini na moja. Miaka thelathini na mbili tulimvunjia Mwalimu ombi lake, kila wiki. Na kila mwaka mama alimpelekea maua kaburini. Wewe unaona hayo ni mambo mawili?»

Saumu hakujua anaona nini. Alijua tu kwamba tangu Jumatano alikuwa amejiona kama mlinzi wa mtu, na sasa hakuwa na hakika ni nani.

«Sijui, Bibi Gerda.»

«Mwalimu naye hakujua. Ndiyo maana aliandika naomba.»


22

Kisha Bi Gerda akasema, «Basi usijisumbue,» akaanza kuuimba mwenyewe.

Gwaride.

        Haya twende,

Akavuta pumzi. Pumzi ilikuwa mbali, ikachukua muda kufika.

                njia fupi,

Hakuwa na mapafu ya kutembea mwendo wa askari. Kila neno lilikaa peke yake, likasubiri jirani yake.

        viatu

                tumevivaa.

Na Saumu, aliyekuwa na masikio ya kazi, masikio yaliyopimwa kwa miaka ishirini na minne, alisikia kilichokuwa kinatokea. Sauti ni ile ile moja. Jikoni, vyombo vinaoshwa. Ikiimbwa polepole namna hii haikuwa na pa kwenda isipokuwa kule ilikotoka. Lakini maneno yalikuwa ya vita, na kikongwe aliyatamka kila moja wazi, bila kuona haya, kama mtu anayemwita kaka yake kwa jina.

        Asubuhi

Mkono wake ulikuwa juu ya blanketi. Saumu aliushika. Ulikuwa mwepesi na wa moto.

                tukifika

Hapo akanyamaza.

Macho yamefumba. Kifua kinapanda, kinashuka, kinapanda. Mdomo umebaki wazi kidogo, umeumbika tayari kwa neno ambalo Saumu, pale alipokaa, hakuweza kujua kama lingekuwa «mimi» au «sisi».

Muuguzi alisukuma mlango taratibu na trei mkononi.

«Amelala?»

Saumu aliinua kidole bila kugeuka.

«Ngoja kidogo, dada. Bado mstari mmoja.»